YAH: Maombi ya Ruzuku, Kwa Mara ya Sita

Ndugu Afisa,
husika na kichwa cha habari hapo juu,
ambacho sasa unakijua kuliko mimi.

Sisi ni Nyumba ya Picha, Kizota,
ghala la zamani la zabibu nyuma ya reli.
Mvua ikinyesha sakafu bado inanuka divai changa,
na mvua, kama unavyojua, hainyeshi.
Tuna kuta nne. Tatu nyeupe.
Ya nne, inayotazama uwanja,
inasubiri chokaa tangu barua ya pili.

Mwaka wa kwanza mlisema: leteni katiba.
Tukaleta katiba.
Wa pili: leteni mhuri.
Lechipya akachonga mhuri kwa mpingo,
mzuri mno, mkaushuku.
Wa tatu faili lilikuwa linahamia Mtumba,
na nadhani bado lipo njiani,
limepumzika Ihumwa pengine, linakula mishikaki.
Wa nne mjumbe mmoja aliuliza kikaoni,
"Kwani picha inaliwa?"
Wakacheka. Nami nikacheka;
mwombaji hucheka panapochekwa.
Nikiwa njiani kurudi nikamkumbuka bibi yangu wa Mvumi,
akichora kibuyu kwa msumari wa moto
mwaka wa njaa,
kibuyu kisicho na kitu ndani,
na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka jana, asanteni, mlitukumbuka.
Kwa kuwa utamaduni umelazwa kitanda kimoja na michezo
na michezo ndiyo yenye blanketi,
gari la Jiji lilituletea
mipira miwili, jezi kumi na moja, filimbi.
Nikasaini. Nakala tatu.

Mbeleje alitaka turudishe vyote.
Nyemo, ambaye hasemi sana,
alichukua udongo mwekundu aliotoka nao Kolo
(si wa miambani, usije ukaandika hivyo, wa barabarani),
akausaga kwa mafuta, akaupaka mpira mmoja,
akautundika darini kwa kamba ya katani.
Pembeni akabandika karatasi: Ruzuku.

Watu walikuja.
Mlinzi wa benki, wauza karanga wa stendi,
hata karani wako alikuja, akasimama chini yake
muda mrefu, kama anayesubiri tunda lidondoke.
Luku ikaisha. Wakawasha simu.
Kivuli cha mpira kikawa kikubwa kuliko sisi sote.

Ndipo watoto wa mtaa, ambao hawana kifungu chochote,
wakauliza swali lililolishinda lile la kikaoni:
"Mbona hauchezwi?"

Tukabishana hadi usiku. Mbeleje alisema sanaa haipigwi teke.
Lechipya alisema sisi je.
Asubuhi Nyemo akakata kamba.

Rangi ilikuwa haijakauka.
Kila walipokosa goli, mpira ulipiga ukuta wa nne,
ule usio na chokaa:
duara, duara, nusu duara,
mkwaruzo mrefu wa penalti,
na chini kabisa kiganja cha kipa
aliyejishika asianguke.

Kule Kondoa waliopaka vidole mwambani
leo wana kibao, wana mlinzi.
Hatuwaonei wivu.
Ila tusingependa kusubiri
kufa kiasi kile.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, maombi yetu ni yale yale,
isipokuwa kipengele cha tatu, chokaa:
kifuteni.
Mahali pake andikeni taa.

Viambatisho: katiba, nakala ya mhuri,
picha ya ukuta,
na filimbi, ambayo tunairudisha
haijapulizwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Ndahani Chilewa,
Katibu
(na mfagizi).